Mmea wa Tisa wa Mwambani

Jumatatu, 3 Machi

Koleo ameitaja kuvumwani yake mara tatu leo, na chai ya asubuhi ilikuwa hata haijachemka. Mara tatu! Nimehesabu.

Miaka sita iliyopita huyu Koleo, mwenzangu wa meza ya pili, aliteleza mtoni akaanguka kifudifudi. Alipoinuka alikuwa na kuvumwani puani, ule ujani laini wa kwenye mawe yenye maji. Kumbe ni aina ambayo haijawahi kuonekana na mtu! Ikapewa jina lake. Jina la kisayansi, limechapishwa, halifutiki. Na alichofanya ni kuanguka tu. Mimi nimeanguka mara ngapi bila kupewa hata pole?

Kazi yetu ni moja. Tunakausha mimea, tunaibandika kwenye karatasi ngumu, tunaandika kibandiko pembeni: ni mmea gani, umetoka wapi, lini, nani kauchuma. Halafu kabatini. Yako makabati arobaini na mawili. Miaka ishirini na miwili nimebandika majani ya watu wengine, na kwenye hivyo vibandiko vyote jina langu halimo.

Leo Daktari (mama huyu si wa sindano, ni wa mimea) alituita mezani kwake. Anamalizia kitabu chake juu ya mimea ya mwambani, ile midogo yenye majani manene kama punje za mahindi, inayoota kwenye nyufa za mlima wetu, mahali ambapo hata nyasi zimeona heri zikae mbali. Ameigawa katika aina nane. Sisi tunaziita Namba Moja mpaka Namba Nane, maana majina yake ya kitabuni yanang'oa meno. Kitabu kinafungwa Ijumaa, tarehe 28. Akasema, huku macho yakiwa dirishani, kwamba moyo wake haujatulia. Mlima mkubwa vile, aina nane tu! Anahisi mmea wa tisa upo, umejificha. Na atakayemletea huo wa tisa, mmea utabeba jina lake.

Koleo akakohoa kidogo. Kikohozi cha mtu ambaye hana shida tena na dunia.

Mengine sikuyasikia. Vumbi lilikuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, na mimi nilikuwa nimeshafika mlimani. Ukungu. Mawe. Kitu kidogo kinachonisubiri ufani, kimekaa kimya, kinanijua.

Nyumbani nilitaka kumwambia mke wangu kwamba nitaupata mmea wa tisa. Ulimi ukateleza, ukasema nimeupata. Akasimamisha cherehani. Akapiga kigelegele, sindano mdomoni! Nilikosa moyo wa kumrekebisha. Nilipotoka kuoga alikuwa ameshampigia simu baba yake.

Sasa ndiyo balaa. Baba mkwe ni mwashi mstaafu. Nusu ya kuta za mji huu kazijenga yeye. Wakwe zake wengine wote anawaita mwanangu. Mimi, miaka kumi na tisa sasa, ni "huyo wa majani". Huyo wa majani hajambo? Huyo wa majani atakula? Nayaandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuyasema: inaniuma. Inaniuma sana.

Anakuja tarehe 23 kuuona mmea wenye jina langu. Amesema ataamini akiona.


Jumanne, 4 Machi

Nimepeleka habari kazini kwamba mgongo umekaza. Kisha nikapanda mlima kwa saa nne.

Ah, lakini kule juu! Ukivuka msitu kelele zote zinaisha, kama mtu amefunga mlango. Linabaki jiwe. Jiwe jeusi, kubwa, lenye joto upande mmoja na baridi upande wa pili. Na kila mahali penye ufa, hata mwembamba kama ukucha, wamo, mimea yangu midogo. Hawana udongo wa maana. Hawana haraka. Ukungu ukipita wanakunywa, wanafunga midomo, wanangoja mwingine. Nikajilaza kifudifudi, shavu jiweni, nikawatazama. Ningeweza kuishi hivyo. Kula ukungu, kuvaa kijani, nisiulizwe kitu na mtu.

Nikapitiwa na usingizi. Nikaota mimea yote ya mlima imejipanga foleni, na Daktari anaita majina, na kila mmea unaitika kwa jina langu. Mmoja baada ya mwingine. Sauti nyembamba, za upole. Nilikuwa nalia kwa furaha.

Kuamka, jua limezama na nusu ya uso imeungua.

Mmea wa tisa? Wapi! Nimeona Namba Tatu tu. Namba Tatu huku, Namba Tatu kule. Namba Tatu huota hata juu ya paa la choo cha ofisi. Nikachuma konzi moja ili nisirudi mikono mitupu, kwa kupapasa tu, maana ukungu ulikuwa umeshafunika mpaka viganja.


Jumatano, 5 Machi

Koleo kauliza ni mgongo wa namna gani huo unaobabua shavu moja. Nimemjibu kwamba mtu akiumwa mgongo hulalia ubavu, karibu na dirisha. Akasema anhaa. Sikuipenda hiyo anhaa.

Nimebana mimea yangu. Ipo kanuni, Daktari huirudia kila mwaka: mmea wa majani manene uchovywe kwanza kwenye maji yanayotokota, ndipo ubanwe. Usipouchovya haufi. Unajikalia katikati ya magazeti ukiishi kwa akiba yake. Sawa, lakini birika liko mezani kwa Koleo! Nikimwomba ataniuliza nimechuma wapi na lini, ilhali mgongo ulikuwa umekaza. Nikajiambia, Namba Tatu tu hii, ya nini kujisumbua.

Basi: magazeti ya zamani, mimea, magazeti, mbao juu, mbao chini, mikanda nikaikaza kwa goti. Nikausukuma mzigo mpaka nyuma kabisa ya kabati la 42, penye giza la mwaka mzima. Hakuna aliyeniona.


Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Mmea wa tisa si lazima uwe mlimani. Huenda uko humu humu makabatini tangu zamani, umebandikwa chini ya jina lisilo lake. Nimepekua karatasi mia tatu. Harufu ya karatasi kuukuu inalevya, jamani. Mara nyingine nilisahau natafuta nini.

Saa tisa nikaupata! Majani yanatazama chini! Katika aina zote nane hakuna yenye majani ya kutazama chini. Nikapumua. Nikajiona kwenye picha, nimesimama pembeni ya mwamba, mkono kiunoni, na baba mkwe nyuma yangu.

Daktari akautazama mara moja. Namba Tano, akasema, imebandikwa kichwa chini, miguu juu. Akatazama mwandiko wa kibandiko kumtambua mpuuzi aliyebandika. Alikuwa ni mimi, miaka kumi na moja iliyopita.


Alhamisi, 20 Machi

Kalamu haikai.

Nilikuwa nimekata tamaa. Siku tatu tu kabla ya baba mkwe kuja! Asubuhi nilikuwa nikifikiria nijifanye nimeugua kweli, au nihamie mji mwingine. Nikakumbuka mzigo wangu wa kabati la 42, nikaona bora nibandike hiyo Namba Tatu, angalau niwe na karatasi moja ya kuonyesha. Nikafungua mikanda. Nikainua gazeti.

Salaala!

Si Namba Tatu. Si namba yoyote. Shina jembamba, refu kama penseli, limejipinda pinda likitafuta njia pembeni ya mbao. Majani meupe, meupe kama kucha za mtoto, membamba, moja hapa, jingine huko mbali. Na vijizizi vyeupe vinaning'inia shinani kote kama ndevu. Majimaji bado yamo! Nikakaa chini palepale sakafuni, nimeduwaa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kilikuwa kama kimetoka usingizini mwangu.

Nikachukua ufunguo wa Daktari, ile orodha yake ya maswali ya kutambulia mmea. Majani yamebanana au yameachana? Yameachana. Yameachana kiasi cha jani moja? Zaidi. Hapo ufunguo ukaisha. Hakuna jibu. Huu mmea haumo!

Sasa naelewa. Siku ile kwenye ukungu, kwa kupapasa, bila kujua, mkono wangu ulikwenda wenyewe ufani ukachuma wa tisa. Macho hayakuona lakini vidole vilijua. Hicho ndicho kipaji. Koleo alitumia pua.


Ijumaa, 21 Machi

Nimeupeleka. Daktari akauweka chini ya kioo cha kukuzia, akaugeuza huku na huku. Halafu akasema neno moja: ajabu.

Akauliza umeota wapi. Mungu wangu. Kwenye kibandiko lazima paandikwe mahali, na kwa mimea hii mahali ndiyo nusu ya habari: jiwe gani, ufa unaelekea wapi, jua kiasi gani. Nami nakumbuka ukungu tu. Nikatazama ule weupe, nikafikiri haraka, nikasema pangoni. Ndani kabisa, jua lisikofika. Upande wa kaskazini. Pango gani? Pango dogo, nikasema. Ukipita huwezi kulijua.

Naapa sikudanganya. Mmea ni wa kweli, anwani tu ndiyo ya kubuni.

Daktari akavua miwani akaifuta, akaivaa, akasema Jumatatu tunakwenda sote kuliona hilo pango. Sote! Koleo akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama niliuchovya. Nikamwambia nimeuchovya, ala, ananiona mimi mgeni katika kazi hii? Kijicho hicho. Nimelala mchana leo kwa raha ambayo sijaipata tangu nioe.


Jumamosi, 22 Machi

Lazima pango lipatikane. Nimepanda tena, magoti yanalia.

Mapango mlimani hakuna. Lipo shimo la pimbi, wale wanyama wa mawe wanaofanana na sungura aliyenyolewa masikio. Mtu mzima anaingia mpaka kiunoni. Linanuka, lakini ni lenye giza, na linaelekea kaskazini. Nikajipenyeza, nikatoboa udongo kwa kijiti, nikapanda vishina vitano nilivyobakiza kutoka kwenye mbao. Nikavimwagia maji kwa mdomo. Nikavibembeleza. Nikaviambia, karibuni kwenu.

Kisha nikakaa nje nikatazama mawingu yakiteremka. Nikasema jina langu kwa sauti, na kile kimkia cha kisayansi wanachobandika mwishoni mwa jina la mtu. Jiwe likanirudishia. Nikalisema tena. Likanirudishia tena. Tulizungumza hivyo, mimi na mlima, mpaka pimbi mmoja akatoka akanitolea macho nikaona aibu.


Jumapili, 23 Machi

Baba mkwe kaja. Suti, fimbo, na ule mkono wake mzito uliotulia mezani kama tofali. Mke wangu kapika tangu alfajiri.

Nikamweleza kwamba mmea uko kwenye droo ya Daktari, umebanwa. Akasema hakuja kutazama karatasi. Ukuta, akasema, hautazamwi kwenye picha, unasogelewa, unagongwa. Akauliza kama huo mmea hauna wenzake huko ulikotoka. Mke wangu, kwa wema wake wote, akasema, "Baba, si wanapanda kesho na Daktari? Nenda nao!"

Tonge likanikaa kooni. Mzee akanigonga mgongoni mpaka likashuka, akasema huyo wa majani ameze kwanza ndipo tupange safari.

Nikajipa moyo. Vishina vipo. Shimo lipo. Kesho saa hizi atakuwa ameniita mwanangu. Nimefanya mazoezi ya kuitika. Naam, Baba. Naam, Baba. Mke wangu kauliza naongea na nani bafuni.


Jumatatu, 24 Machi

Nimeumbuka. Acha niandike yote, mara moja, nimalize.

Tulipanda wanne. Daktari mbele, Koleo na kamba zake, mimi, na baba mkwe nyuma na fimbo, miaka sabini na minne, hahemi. Njia nzima alikuwa akiusoma mwamba. Alisema huyu aliyejenga mlima hakuwa na haraka. Alisema hapa kuna mshono, maji hupita ndani kwa ndani, hutokea kule. Daktari akaanza kupunguza mwendo ili atembee naye. Hakuna aliyetembea na mimi.

Ukungu ulikuwa mzuri. Nilikuwa kama nimeelea. Nikawaonyesha shimo.

Daktari akavua mkoba, akalala kifudifudi, akaingia mpaka kiunoni, taa mkononi. Tukabaki tunatazama viatu vyake. Kisha sauti yake ikatoka ndani, inavuma kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Alisema ameviona. Vitano. Moyo wangu ukapaa! Nikamgeukia baba mkwe. Midomo yangu ilikuwa tayari kusema naam.

Sauti ikaendelea. Ilikuwa inasoma. "Friji inauzwa. Bado nzima. Mwenye nyumba anahama."

Gazeti! Kipande cha gazeti la kubania, kimegandia jani! Lo, mimi mtu! Nilivibembeleza, nikavinywesha, nikaviambia karibuni, sikuvipangusa!

Koleo akafumba macho. Akanong'ona kwamba sikuchovya. Hata hakuniuliza, alisema tu, kwa huzuni, kama anatoa pole ya msiba.

Daktari akatoka kinyumenyume, magoti yamejaa kinyesi cha pimbi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya jiwe akaeleza polepole, kama anasomesha watoto, kwamba hii ni Namba Tatu. Ile ile ya kwenye paa la choo. Haikuchovywa, kwa hiyo haikufa. Ikawekwa gizani, kwa hiyo ikajinyoosha, siku baada ya siku, inalitafuta jua, ikaacha rangi, ikaachanisha majani, ikatoa vizizi kushika chochote. Mmea wowote wa mwambani ukiufungia kabatini utafanya hivyo. Kisha akanitazama akasema miaka ishirini na miwili. Basi, hilo tu. Miaka ishirini na miwili.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, lakini ilikuwa jiwe tupu. Nikamtazama baba mkwe. Nilijua atakachosema, nikajikaza kisabuni kukipokea.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinua kichwa, anatazama juu, chini ya ukingo wa jabali ambapo maji hudondoka tone tone. Palikuwa na mkanda mweupe umekatiza kwenye jiwe jeusi. Akaunyooshea fimbo. Akasema pale fundi alibadilisha jiwe. Lile jeupe ni ndugu yake chokaa. Na miaka arobaini ya kubandua magugu ukutani imemfundisha kwamba gugu la chokaa na gugu la jiwe jeusi hayakai nyumba moja. Haya yote mliyonionyesha njiani ni ya jiwe jeusi, akasema. Sasa lile jekundu pale juu, nalo limo kwenye hesabu yenu ya nane?

Tukainua vichwa sote. Ndani ya mkanda mweupe, kwenye ufa unaolia maji, kulikuwa na vifundo vyekundu, vidogo kama vifungo vya shati.

Daktari akavua miwani. Akaivaa. Akapanda juu ya mgongo wa Koleo bila kuomba ruhusa. Akaanza kuusoma ufunguo kwa kichwa, kwa sauti, na kila jibu lilimkatisha pumzi. Majani yana vinyweleo. Petali si tano, nne. Si za njano, nyeupe. Majani yamebanana mithili ya ngumi. Swali la kumi. Swali la kumi na moja. Akafika mwisho, hakuna jibu. Akateremka akakaa kwenye tope na sketi yake, akashika mkono wa baba mkwe kwa mikono miwili, wala hakuuachia.

Nane yake iligeuka tisa pale pale, mbele ya macho yangu. Ukungu ukapita katikati yetu. Kila kitu kilikuwa laini na mbali, na mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa Daktari.


Jumanne, 25 Machi

Nimepewa barua ya onyo. Kurasa mbili. Neno "pango" limetiwa mstari.

Koleo kaniletea chai mwenyewe. Kasema nisijali. Kasema hata yeye moyo unamuuma, maana tangu jana hakuna aliyemuuliza habari za kuvumwani. Kasema birika lake ni langu, saa yoyote, nisiogope kuomba. Tukanywa, mwanga wa dirisha kati yetu, vumbi linaelea. Ilikuwa karibu nimpende. Halafu nikajiuliza anataka nini.


Ijumaa, 28 Machi

Kitabu kimefungwa. Aina tisa. Namba Tisa inabeba jina la baba mkwe, na kimkia cha kisayansi mwishoni.

Mke wangu kalia kwa furaha, kaimba, kashona gauni zima bila kuinua kichwa. Anasema bila mimi baba yake asingeupanda ule mlima maishani mwake, kwa hiyo jina ni letu sote. Nikasema ni kweli. Nikaenda kulala mchana. Sikuota chochote. Hata ndoto zimenisusa.


Jumapili, 20 Aprili

Mzee katuita nyumbani kwake. Sikutaka kwenda. Wiki tatu nimekwepa, mara kichwa, mara kazi. Leo mke wangu kanishika mkono kama mtuhumiwa, akanipeleka.

Nilidhani nitasomewa hotuba. Nilikuwa tayari kusikia habari za mmea wake toka mlangoni mpaka jioni. Lakini mzee akawatoa watu wote sebuleni. Akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha dirishani, ambacho hata watoto wake wa kuzaa hawakikalii. Akanimiminia chai kwa mkono wake. Nikashangaa. Akaanza kuongea.

Na hapo ndipo nilipouona! Dirishani, kwenye kopo la rangi, pembeni ya kiwiko chake.

Kumbe siku ile mlimani, Daktari alipovitupa vile vishina vyangu vyeupe, mzee alikiokota kimoja akakitia mfukoni. Alisema kilimgusa. Kitu kimebanwa kwa mbao na mikanda, hakina maji, hakina jua, na bado kinakataa kufa, kinatafuta njia. Alisema kilimkumbusha mtu. Kitu kama hicho. Sikumfuatilia vizuri, kwa sababu nilikuwa natazama.

Chini: shina jeupe, refu, majani yameachana. Juu: kifundo kinene, kijani, majani yamebanana kama Namba Tatu yoyote! Mimea miwili katika shina moja! Nikaupitisha kwenye ufunguo kimoyomoyo. Majani yamebanana au yameachana? Yote mawili! Swali la kwanza tu, ufunguo umeshindwa! Wa kumi! Damu ikanienda mbio, dirisha likajaa mwanga, na nikaanza kuelea, taratibu, juu ya kiti, juu ya paa, kuelekea kule kwenye ukungu.

Mzee alikuwa bado anaongea. Kuta alizojenga na hakuna hata moja yenye jina lake. Miaka kumi na tisa ya kuwa mgumu kama jiwe, na kwamba mtu akikosea mshono lazima aubomoe aanze upya. Mwanangu hivi, mwanangu vile. Nadhani alitaja mwanangu mara mbili au tatu. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, mzito, ukanizuia kuinama nione vinyweleo. Nikasema naam, naam, kila aliponyamaza. Alipogeuka kujifuta uso kwa mkono wa shati, nikapata nafasi. Nikaukata kwa ukucha, haraka, nikautia mfukoni.

Nimeshaandika kibandiko. Kitabu kimefungwa, sawa, lakini kitabu kizuri huwa na toleo la pili. Pamebaki wazi pa kuandika mahali ulipoota, na hilo si tatizo, nitalifikiria vizuri safari hii.

Njiani mke wangu kaniuliza baba yake aliniambia nini hata akatokwa na machozi. Nimemwambia sijui, labda jua la dirishani lilimpiga machoni.